Mara imechoka kupitwa na watalii

Serikali inasema utalii unakua, na takwimu zake ni za kweli. Mwaka 2020, korona ilipofunga dunia, watalii wa kigeni walioingia nchini walishuka hadi takriban 620,000. Mwaka 2024 walipita milioni 2.1. Filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini New York Aprili 2022, imefanya kazi yake, na waliobeza wakati ule wanapaswa kukiri hivyo. Ugomvi wetu uko kwingine. Hesabu hiyo inaanzia uwanja wa ndege na kuishia kwenye geti la hifadhi. Haisemi mgeni alilala wapi, alikula kwa nani, aliongozwa na kijana wa wapi, wala ni kijiji gani kilichobaki na chochote alipoondoka. Kwa mkoa wa Mara jibu linajulikana na kila mtu, kuanzia Mwigobero hadi Mugumu: wageni wanapita.

Wanapita mkoa ambao umebarikiwa kuliko mikoa mingi ya nchi hii. Sehemu kubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yenye kilometa za mraba 14,763, iko ndani ya Mara. Wale nyumbu wanaojitosa mtoni huku mamba wakiwasubiri, picha ambayo dunia nzima imeiona, wanavuka Mto Mara katika eneo la Kogatende, ndani ya mkoa huu. Bunda ina geti la Ndabaka, lililo kando kabisa ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, kiasi kwamba abiria wa basi la kawaida analiona dirishani. Musoma ina rasi iliyozungukwa na Ziwa Victoria. Butiama ina kaburi la Mwalimu Julius Nyerere. Hakuna mkoa mwingine Tanzania wenye vitu vinne vya uzito huo ndani ya mwendo wa siku moja kwa gari.

Pamoja na hayo, mtalii wa Kogatende hurushwa kwa ndege ndogo kutoka Arusha, akateremka kwenye uwanja wa porini, akalala kwenye kambi ambayo mara nyingi huletewa mahitaji kutoka Arusha hiyohiyo, akarudi alikotoka. Amelala Mara siku tatu na hakuna mtu wa Mara aliyemuuzia hata nyanya. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, lakini hapa wajenzi wapo. Kilichokosekana ni serikali kuwapa kazi.

Twende Bweri, kwa sababu ndiko mgeni asiye na ndege ya kukodi anakofikia. Stendi kuu ya mabasi ya Musoma iko hapo, nje kidogo ya katikati ya mji. Basi likishasimama, wapiga debe wanagombea begi la abiria kabla mguu wake haujagusa chini. Bodaboda wanamzunguka. Pembeni mama lishe anageuza sato kwenye karai la mafuta, na sahani ya ugali wa muhogo ikisubiri. Huyu mama, huyu dereva wa bodaboda na yule kijana wa hiace ya Butiama ndiyo sekta ya utalii ya Mara kama ilivyo leo. Wanafanya kazi ya ofisi ambayo serikali haikuwajengea, bila mafunzo, bila kitambulisho, bila ramani ya kumwonyesha mgeni. Mtu aliyesafiri maelfu ya kilometa kumtafuta Nyerere hapaswi kutegemea huruma ya mpiga debe ili afike kwa Nyerere.

Kipimo chetu cha juhudi za serikali kukuza utalii vijijini ni hicho. Mabango ya mikutano ya kimataifa hayatuambii kitu. Tunauliza mgeni akishuka Bweri na begi mgongoni, saa nane mchana, atapata nini, na nani wa hapa atapata nini kutoka kwake. Kwa kipimo hicho serikali imeshindwa, na imeshindwa kwa miongo mingi, chini ya mawaziri wa kila aina.

Butiama ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache tu kabla hajafariki London tarehe 14 Oktoba. Yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Jirani yake ni Mwitongo, boma la ukoo wa Chifu Burito, lenye majabali yake makubwa na kaburi la mtu ambaye viongozi wa Afrika nzima wanamtaja kila wanapotaka kusikilizwa. Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri katikati ya miaka ya 2000, na waumini kutoka hata Uganda wanamwombea. Kila mwaka vijana wa msafara wa Twende Butiama wanaendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000, ili wafike pale ifikapo tarehe 14 Oktoba. Vijana hao wanathibitisha kwamba kiu ipo. Watu wanaokubali kuchubuka kwenye tandiko la baiskeli kwa siku nyingi ili waone kaburi hawahitaji kushawishiwa kwa tangazo la televisheni. Wanahitaji mahali pa kulala, chakula kizuri, mtu wa kuwasimulia, na sababu ya kubaki siku ya pili.

Sababu hiyo ipo, ila haijapangwa. Mwaka 1934 mtoto Kambarage Nyerere alianza shule Mwisenge, mjini Musoma, umbali wa kilometa zipatazo 40 kutoka nyumbani kwao. Shule ya Msingi Mwisenge ipo hadi leo. Kati ya Mwisenge na Butiama kuna barabara, kuna vijiji, kuna mashamba ya muhogo na mtama, kuna wazee wa Kizanaki na Kikwaya wanaojua habari ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. Nchi nyingine ingekuwa imeshaifanya njia hiyo kuwa safari ya siku mbili au tatu kwa miguu na baiskeli, yenye nyumba za kulala wageni vijijini, ikianzia darasani na kuishia Mwitongo. Haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aamke asubuhi akiamini kwamba kijiji cha Mara kinaweza kumpokea mgeni.

Tunajua watakaosema kwamba kijiji hakiwezi. Kimeweza kwingine. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi la SNV na Bodi ya Utalii walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni kwenye vijiji vya mkoa wa Arusha. Mto wa Mbu, uliokuwa kituo cha kujaza mafuta kwa magari yanayokwenda Ngorongoro, ukawa mahali ambapo mgeni anashuka, anatembezwa kwenye mashamba ya mpunga na migomba, anaingia kwenye vibanda vya wachoraji, anakula chakula cha kina mama na kulipa papo hapo. Wanyama wa Mto wa Mbu si wengi kuliko wa Bunda. Tofauti ni kwamba kuna mtu alikaa na wanakijiji, akawafundisha vijana kuongoza wageni, akapanga bei, na akahakikisha kampuni za Arusha zinasimamisha gari.

Hapa kwetu gari halisimami kwa sababu njia nzima ilijengwa isisimame. Enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilizunguka ziwa na kutia nanga Musoma pamoja na Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Watalii nao walitoka Nairobi, wakapita Masai Mara, wakaingia Serengeti kwa barabara. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa, na kituo cha Bologonja hakijafunguliwa kwa watalii hadi leo. Sera ya kuwazuia wageni kuja kutoka Kenya ilikuwa na mantiki yake wakati ule, kwa kuwa Tanzania ilitaka kampuni zake na uwanja wake wa Kilimanjaro vipate kazi. Arusha ilinufaika, Mara ikawa uani. Leo meli yenye jina la Butiama inafanya safari kati ya Mwanza na Nansio, na Musoma inabaki na kivuko cha kwenda Kinesi. Uwanja wa ndege wa Musoma ulikaa miaka mingi kwenye changarawe kabla ya kazi ya lami kuanza. Kilometa 50 za Makutano hadi Sanzate, barabara inayopita Butiama kuelekea Nata na Mugumu, zilianza kujengwa mwaka 2013 na zikachelewa miaka mingi kupita muda wa mkataba. Hakuna mtalii atakayesubiri kiasi hicho.

Kituo cha Sirari, mpakani na Kenya, kiko wazi usiku na mchana kwa malori. Ng'ambo yake kuna mamilioni ya watu, kuanzia Migori na Kisii hadi Kisumu, ambao kama raia wa Afrika Mashariki wanalipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi. Familia ya mwalimu wa Kisii inaweza kulala Musoma, kula samaki ufukweni, kuzuru Butiama na kuingia Serengeti kwa Ndabaka kwa gharama inayobebeka. Nani amewahi kwenda Kisii kuwaambia? Utangazaji wetu wote umeelekezwa New York na London, kana kwamba jirani si mgeni.

Yote hayo ni uzembe, na uzembe unarekebishika. Kuna jambo zito zaidi, nalo linahusu haki.

Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Waikoma, Wanata, Waikizu na Wangoreme walikuwa wakiwinda, wakilima na kutambika kwenye sehemu ya ardhi hiyo kabla ya mpaka kuchorwa. Waliondoka, na taifa likapata fahari yake. Zaidi ya miaka 70 baadaye, vijiji vilivyobaki pembezoni bado vinalipa. Nenda Hunyari, Kihumbu au Mariwanda, wilayani Bunda, mahindi yanapokaribia kukomaa. Mwanamume analala kwenye dungu na tochi na debe la kugonga, mkewe anabaki na watoto nyumbani akisikiliza. Tembo wakija watano, ekari mbili zinaisha kabla ya alfajiri, na kijana atakayerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango ni wa nyumba hiyo.

Serikali inampa kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kwa ekari zisizozidi 5. Kwa mtu aliyeuawa na mnyama, familia ilipangiwa kifuta machozi cha shilingi milioni 1. Viwango hivyo vilidumu zaidi ya miaka 10. Katika msimu wa wageni wengi, mgeni mmoja kutoka nje hulipa kiingilio cha dola 70 kwa siku kabla ya kodi. Fedha hiyo ya mtu mmoja, siku moja, inazidi kiwango cha juu kabisa kilichowekwa kwa ekari nzima ya chakula cha familia. Hatuoni namna yoyote ya kuitetea hesabu hiyo mbele ya mkulima wa Mariwanda, na tunamtaka yeyote wizarani anayeiona ajitokeze aitetee hadharani.

Nyatwali ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Kata hiyo ya Mji wa Bunda iko kati ya hifadhi na ziwa. Serikali iliamua wakazi wahame ili wanyama wapate njia ya kufika kwenye maji ya Ghuba ya Speke. Wataalamu wa ikolojia wana hoja nzito: ukame ukizidi, maji ya ziwa yanaweza kuwa uhai wa kundi zima, na hatupingi wanyama kuokolewa. Lakini watu wa Nyatwali walikuwa wavuvi, wakulima na wafugaji wanaoishi kwenye mlango wa bustani maarufu kuliko zote Afrika, mahali ambapo ziwa na nyika vinakutana. Ndiyo sehemu hasa ambayo mpango wowote makini wa utalii wa vijijini ungeanzia. Badala yake walikaa muda mrefu wakisubiri fidia, wengi wakilalamikia viwango vyake. Serikali inayosema inapeleka utalii kwa wanavijiji haiwezi kuwaondoa wanavijiji kwanza, halafu ikajenga kambi, halafu ikawaita warudi kama walinzi wa geti. Kama patajengwa hoteli au kambi yoyote Nyatwali siku zijazo, waliohamishwa wawe na hisa ndani yake, kwa majina yao, kwenye mkataba.

Fedha za hifadhi zenyewe zinakwenda wapi? Mwaka 2020 Sheria ya Fedha iliagiza makusanyo ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na ya Ngorongoro yaingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Miradi ya ujirani mwema, inayojenga madarasa na zahanati kwenye vijiji vya pembezoni, ni ya kupongezwa, ila mwanakijiji anaipokea kama fadhila. Anaomba, anasubiri, anashukuru. Uganda imeweka kwenye sheria kwamba asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi ni ya jamii zinazoizunguka. Rwanda ilianza na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi mwaka 2005, ikapandisha hadi 10 mwaka 2017. Ng'ambo ya mpaka wa Kenya, Kaunti ya Narok inakusanya yenyewe viingilio vya Masai Mara. Narok ina matatizo yake ya usimamizi, na hatutamani kuyaiga. Lakini mpiga kura wa Narok anajua pa kwenda kudai. Mpiga kura wa Bunda anaambiwa asubiri Dodoma.

Ndani ya mkoa wetu kuna mfano mmoja unaoonyesha kwamba kugawana kunawezekana. Vijiji vitano vya wilaya ya Serengeti, yaani Robanda, Nata-Mbiso, Nyichoka, Makundusi na Park Nyigoti, vilitenga ardhi yao na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, na wawekezaji wanalipa kwa kuitumia. Mfano huo una kasoro, na vijiji vyenyewe vimewahi kuzitaja. Hata hivyo mkataba upo, na kijiji kina mahali pa kukaa mezani. Butiama na Bunda hazina hata hicho.

Swali la nani anafaidika si geni. Mwaka 1970, vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliliuliza kwenye kurasa za gazeti la The Standard, na mjadala wake ukakusanywa na Issa Shivji kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1973. Walikuwa na ukali ambao baadhi yetu leo hatuukubali; utalii unaweza kumnufaisha maskini, na tumeona unavyofanya hivyo. Ila jibu walilolidai halijatolewa. Na kukosekana kwake kuna gharama. Mradi wa REGROW, uliopewa dola milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka 2017 ili kufungua utalii wa kusini, ulisimamishiwa fedha Aprili 2024 baada ya malalamiko ya wanavijiji wa eneo la Ruaha kuhusu kuhamishwa na kutendewa ukatili na askari wa hifadhi, na mwaka huohuo ukafungwa. Kusini ilipoteza fedha za barabara na viwanja kwa sababu mwanakijiji aliwekwa mwisho wa foleni. Yeyote anayeandika mpango wa Kanda ya Ziwa sasa hivi auweke mkasa huo mezani kwake.

Hatuwezi kuimaliza hoja hii bila kuzigusa halmashauri zetu, kwa maana si kila kosa ni la Dodoma. Manispaa ya Musoma ina ufukwe ambao miji mingine ingeulilia. Kuusafisha, kuweka vyoo vinavyofungika na taa zinazowaka, kuzuia watu wasijenge hadi ndani ya maji, hakuhitaji kibali cha waziri. Kuwapa bodaboda wa Bweri mafunzo ya wiki mbili, vizibao na bei iliyoandikwa ubaoni ya kwenda Mwisenge, Mwigobero na Butiama, ni uamuzi wa kikao kimoja cha madiwani. Halmashauri ya Butiama inaweza kesho kuandikisha nyumba 10 zenye chumba safi cha kulaza mgeni, ikazikagua na kuzitangaza. Madiwani wetu wanajua kulalamika kwamba Arusha inakula peke yake. Wajue pia kwamba Arusha haikuketi ikisubiri kulishwa.

Kwa serikali kuu, madai yetu yako wazi. Sehemu ya kiingilio cha Serengeti, kwa asilimia itakayoandikwa kwenye sheria, irudi kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, na ilipwe kwa kijiji moja kwa moja. Kifuta jasho kihesabiwe kwa thamani ya mavuno yaliyopotea. Ada ya leseni ya kutembeza watalii kwa kijana wa Musoma au Bunda anayeanza na gari moja ipangwe kwa shilingi na kwa kiwango anachoweza. Kambi zilizomo ndani ya mkoa zitakiwe kutaja, kila mwaka, kiasi zilichonunua na watu zilizowaajiri kutoka Mara. Meli irudi Musoma. Na Waziri wa Maliasili na Utalii atakaposoma bajeti yake ijayo bungeni, mbali na idadi ya watalii walioingia nchini, aweke jedwali la pili linaloonyesha siku walizolala na fedha walizoacha, wilaya kwa wilaya. Butiama, Bunda na Manispaa ya Musoma ziwe na mistari yao kwenye jedwali hilo, hata kama tarakimu za mwaka wa kwanza zitakuwa za aibu.